Uvimbe wa Shingo Uliotoka Kwingine

Katika nyanda za kati za Tanzania, shingo iliyovimba haimshtui mtu. Koo nyingi zina bibi au shangazi aliyekuwa na goita, akalima nayo, akacheza ngoma nayo, akazeeka nayo, na siku alipofariki kilichomwondoa kilikuwa kitu kingine kabisa. Ndiyo maana uvimbe wa shingo hupewa jina kabla haujapimwa. Jirani anasema goita, mwenye duka anasema goita, mhudumu wa zahanati anaandika goita, na mara nyingi wote watatu wamepatia. Makala haya yanahusu zile mara chache ambazo wote watatu wamekosa, kwa sababu kilichojitokeza shingoni hakikuanzia shingoni.

Tezi ya thairoidi, ile iliyolikumbatia bomba la hewa chini kidogo ya koromeo, inaweza kupata saratani yake yenyewe. Hilo watu wengi wamelisikia. Lisilosikika sana ni kwamba tezi hiyo inaweza pia kupokea saratani iliyozaliwa katika figo, titi, pafu, utumbo mpana au ngozi, ikasafiri na damu hadi shingoni na kuanza maisha mapya. Miongoni mwa watu wanaopasuliwa kwa kushukiwa kuwa na saratani ya thairoidi, wenye saratani iliyotoka kwingine ni kati ya asilimia 1.4 na 3. Lakini maiti za watu waliokufa kwa saratani iliyosambaa zinapochunguzwa, tezi hiyo hukutwa imevamiwa katika asilimia 1.9 hadi 24, kutegemea nani anachunguza na anakata vipande vingapi. Pengo hilo halitokani na hesabu mbovu. Wafu huchunguzwa kwa utulivu zaidi kuliko walio hai.

Nina hoja moja tu, nayo ni hii: ugonjwa huu hugunduliwa kwanza katika historia ya mgonjwa na katika karatasi zake, ndipo mashine zifuate. Na matibabu yake huamuliwa na kule saratani ilikotoka. Ilipotua ni jambo la pili. Kwa bahati mbaya, huku kwetu historia na karatasi ndivyo vitu vinavyopotea mapema kuliko vyote.

Tuanze na swali la zamani: kwa nini saratani iteue kiungo fulani na kukiruka kingine? Mwaka 1889 daktari mpasuaji wa London, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za uchunguzi wa maiti za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti. Aliona kwamba ini lilikuwa likivamiwa mara nyingi mno, wakati wengu, unaopata damu ya kutosha vilevile, uliachwa. Akasema seli za saratani ni mbegu na viungo ni udongo: mbegu hupeperushwa kila upande, lakini huota pale tu udongo unapoikubali. Mkulima wa Bahi hahitaji kuthibitishiwa jambo hilo. Anajua kuwa mvua ileile ikinyesha mbugani na kwenye kichanga, uwele hautoki sawa.

Kwa mantiki hiyo thairoidi ni kitendawili. Ukilinganisha gramu kwa gramu, ni moja ya viungo vinavyopitiwa na damu nyingi kuliko karibu vyote mwilini. Ingestahili kujaa wageni. Mwaka 1931 Rupert Willis, mwanapatholojia wa Australia, alitoa maelezo mawili: kwamba damu hupita humo kwa kasi mno, seli za saratani hazipati nafasi ya kushika, na kwamba tezi yenye oksijeni na madini joto kwa wingi haizipendezi seli hizo. Karibu karne moja baadaye maelezo hayo bado yanaitwa dhana, jambo ambalo katika tiba ni heshima ya namna yake: hakuna aliyeleta lililo bora zaidi.

Lakini dhana hiyo ina mkia, na mkia huo unagusa Dodoma. Ikiwa tezi yenye afya hujilinda kwa mwendo wa damu na madini joto, tezi iliyokwisha kuharibika itajilinda kwa nini? Goita ya muda mrefu ina vinundu, ina makovu, ina sehemu ambazo damu yake imepungua na madini joto yake yamekwisha. Mapitio ya tafiti za muongo mmoja yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa karibu asilimia 44 ya tezi zilizokutwa na saratani ya kuhamia zilikuwa na kasoro nyingine tangu awali, goita ikiwamo. Kwa hiyo goita inaweza kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Inamficha mgeni machoni pa daktari, na huenda pia ndiyo iliyomfungulia mlango.

Hapa lazima tuseme habari ya chumvi. Tanzania ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi mwaka 1986, kisha katika miaka ya 1990 ikaweka sheria ya chumvi kutiwa madini hayo kiwandani. Uchunguzi wa wanafunzi uliofanyika nchi nzima mwaka 2004 ulionyesha kuwa katika wilaya zilizokuwa zimepimwa kabla ya mpango huo, goita ilishuka kutoka asilimia 61 hadi kama 12. Ni moja ya kazi kubwa za afya ya jamii nchini, na haikushangiliwa, kwa kuwa hakuna kiongozi anayealikwa kukata utepe kwa ajili ya goita ambayo haikutokea.

Hata hivyo takwimu zile ni za watoto. Mama aliyezaliwa Mpwapwa mwaka 1955 alikuwa na miaka thelathini na zaidi wakati vidonge vilipoanza, na tezi yake ilikwisha kujijenga kwa chumvi ya zamani na chakula cha zamani. Uwele wenyewe hauna usafi kamili katika kesi hii: kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, Eduardo Gaitan na wenzake walionyesha kwamba kuna kemikali katika uwele zinazozuia kazi ya thairoidi, wakihusisha jambo hilo na goita ya Darfur nchini Sudan. Hakuna anayesema Wagogo waache ugali wa uwele. Atakayesema ajiandae kujibu swali la pili, yaani wale nini mwaka ambao mahindi yamekauka. Ninachosema ni kwamba kizazi chenye tezi zilizochoka ndicho hicho hicho kilichofikia umri wa kupata saratani.

Saratani ipi, sasa? Katika vitabu vinavyotokana na hospitali za Ulaya, Marekani na Asia Mashariki, kinara ni figo. Katika yale mapitio ya 2012, karibu nusu ya wagonjwa waliogunduliwa wakiwa hai walikuwa na saratani iliyotoka kwenye figo, ikifuatiwa kwa mbali na utumbo mpana, pafu na titi. Kwa waliochunguzwa baada ya kufa, pafu ndilo linaloongoza. Daktari wa Dodoma anayesoma orodha hiyo anapaswa kuiweka pembeni ya orodha nyingine, ile ya wodi zake: mlango wa kizazi, titi, tezi dume, umio. Saratani ya titi inaweza kuifikia thairoidi kwa njia ya damu. Saratani ya umio, ambayo imejaa katika ukanda wote wa mashariki ya Afrika hadi kusini, hufika kwa njia fupi zaidi: inabomoa ukuta na kuingia kwa jirani. Hiyo si safari, ni uvamizi wa mpaka, na kwa kawaida mgonjwa amekwisha kushindwa kumeza hata uji kabla shingo haijatazamwa.

Figo ndiyo yenye hila. Saratani yake inaweza kuondolewa yote, mgonjwa akapona, akarudi shambani, akaoza binti na kujenga nyumba ya bati, kisha baada ya miaka tisa, kumi na tano au hata ishirini na zaidi kinundu kikajitokeza shingoni. Wastani kwa saratani ya figo ni takriban miaka tisa. Wakazi wa Dodoma hawana haja ya kufundishwa kuhusu mambo yanayochelewa kufika. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie hapa, na mafaili ya serikali yalipanda magari kwa dhati mwaka 2016. Tofauti ni kwamba uamuzi wa 1973 uliandikwa mahali, na kila mtu alijua ulikuwapo.

Tuseme kuna mama wa miaka 62 kutoka Mvumi. Mwaka 2009 alikojoa damu, akapelekwa hospitali kubwa ya mji mwingine, akatolewa figo la kushoto. Yeye aliambiwa figo limeharibika. Neno saratani lilitamkwa kwenye korido, mbele ya kijana wake mkubwa peke yake, naye akalimeza kwa upendo. Kinyama kilipelekwa maabara. Majibu yangechukua wiki kadhaa. Mama aliruhusiwa kabla hayajatoka, nauli ikawa ngumu, na karatasi ile ikabaki katika droo ya watu wengine. Daftari la hospitali, lile la kurasa arobaini linalonunuliwa dukani na kuandikwa jina la mgonjwa juu yake, lilikaa juu ya dari pamoja na mbegu. Panya hawabagui.

Miaka kumi na mitano baadaye mama huyu ana kinundu shingoni. Daktari anauliza vizuri tu: "Mama, una ugonjwa wowote wa zamani? Uliwahi kupasuliwa?" Naye anajibu, "Hapana, baba, niko salama," au akikumbuka, "Ndiyo, walinitoa figo, lakini lile lilipona." Hasemi uongo. Kwake figo ni habari ya kiuno na kinundu ni habari ya shingo, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa habari hizo zinaweza kuwa moja. Kijana mwenye siri anafanya kazi Mwanza.

Silaumu desturi ya kumfichia mgonjwa jina la ugonjwa. Ina huruma ndani yake, na wengi wanaoilaumu hawajawahi kukaa na mzee aliyeacha kula siku alipoambiwa. Lakini ni lazima gharama yake ijulikane. Anayefichwa jina hawezi kulitaja siku litakapohitajika. Kwa hiyo daktari anayejua nchi yake haishii kwenye swali. Anamwomba mama alale, anafunua khanga kwa adabu, anatafuta kovu. Kovu la ubavuni halijui kwamba liliambiwa linyamaze. Kisha anaomba namba ya simu ya mtoto mkubwa.

Mifumo ya kompyuta kama ule wa GoT-HoMIS katika hospitali za serikali imesaidia: siku hizi mgonjwa anaweza kufika dirishani bila daftari na bado jina lake likaonekana. Ila upasuaji wa zamani uliofanywa kwingine haukuingia humo wenyewe. Mtu hana budi kuuulizia, na mtu mwingine hana budi kuuandika.

Tukifika kwenye vipimo, ugonjwa huu una tabia ya kutojitambulisha. Kipimo cha damu cha homoni za thairoidi mara nyingi hutoka sawa, hivyo mgonjwa huambiwa tezi yake inafanya kazi vizuri, na ni kweli inafanya. Ultrasaundi huonyesha kinundu, ukubwa wake, kingo zake, na kama mitoki ya shingo imevimba. Haiwezi kusema kinundu kimetoka wapi. Dalili zinazopaswa kumwondoa daktari kitini ni kinundu kinachokua kwa wiki badala ya miaka, sauti iliyokauka bila mafua, kumeza kwa shida, na pumzi inayopiga mluzi mgonjwa akilala chali. Goita ya bibi haikuwa hivyo. Lakini wapo wasio na dalili hata moja, wanaogundulika kwa sababu tu walipimwa kwa jambo jingine.

Kinachofuata ni sindano nyembamba, ile inayochomwa kwenye kinundu ili kufyonza seli. Ni kipimo rahisi, hakihitaji kulazwa, na katika mikono iliyozoea kinatoa majibu mazuri. Saratani ya figo, hata hivyo, imejaa mishipa ya damu, na sindano inapoingia humo mara nyingi hutoka na damu tupu, seli chache zikielea ndani yake. Daktari anaweza kurudia, au akatumia sindano nene inayokata kijipande kizima. Seli zenyewe, zinapopatikana, huwa na tumbo jeupe linalong'aa chini ya hadubini, na hapo matatizo yanaanza, kwa sababu thairoidi pia ina vivimbe vyake vyenye seli za namna hiyo.

Mwanapatholojia sasa anageukia fomu iliyokuja na sampuli, kwenye kisanduku cha taarifa za mgonjwa. Kimeandikwa: "Uvimbe shingoni." Taarifa hiyo alikuwa nayo tayari, maana chupa imebandikwa neno thairoidi. Malalamiko ya fomu tupu yako katika maabara za dunia nzima, lakini katika nchi yenye wanapatholojia wachache, kila fomu tupu inakula saa za mtu ambaye hana saa za ziada.

Kipo kipimo cha kutenganisha, kiitwacho imunohistokemia. Vipande vyembamba vya nyama hupakwa kingamwili maalumu zinazoshika protini fulani, na protini hizo zikiwapo, rangi hutokea. Protini ya thairoglobulini ikionekana, seli ni za thairoidi yenyewe. Isipoonekana, shaka inaanza. Kuna alama iitwayo TTF-1, ambayo thairoidi inayo lakini pafu nalo linayo. Kuna PAX8, ambayo thairoidi inayo lakini figo nayo inayo. Umeshaona mtego. Mwanapatholojia asiyejua habari ya figo la mwaka 2009 anaweza kupaka PAX8, akaona rangi, akaandika kuwa ni saratani ya thairoidi, na hajafanya uzembe wowote. Akijua habari hiyo, ataongeza alama za figo kama CD10 na kuthibitisha kuwa thairoglobulini haipo, na jibu linageuka. Kwa titi ataangalia vipokezi vya homoni. Kwa utumbo mpana CDX2 na CK20. Kila rangi ina bei, na mgonjwa asiye na bima huilipia moja moja. Sentensi mbili kwenye fomu zingempunguzia nusu ya rangi hizo.

Kinachofaa kuliko rangi zote ni kulinganisha. Kipande cha figo cha zamani, kama hospitali ilikihifadhi kwenye nta kama inavyotakiwa, huwekwa kando ya kipande kipya cha shingo chini ya hadubini ileile. Vikifanana, mjadala umekwisha. Zoezi hilo halihitaji mashine mpya hata moja. Linahitaji mtu aliyetunza kabati na mtu aliyekumbuka namba. Baada ya hapo hufuata kipimo cha CT cha kifua na tumbo, kwa sababu mgeni wa shingoni huwa hakusafiri peke yake: katika kundi la wagonjwa 45 wa Ulaya waliopasuliwa thairoidi kwa saratani ya figo, lililoripotiwa mwaka 2008, karibu theluthi walikuwa na saratani hiyohiyo kwenye kongosho.

Kundi hilo lina habari nyingine ambayo ningependa isomwe kwa sauti katika kila kliniki ya upasuaji. Nusu yao walikuwa hai miaka 5 baada ya tezi kuondolewa. Tumezoea kuwa saratani iliyosambaa ni hukumu, na familia nyingi hapo ndipo zinapokata tiketi ya kurudi nyumbani. Kwa figo si lazima iwe hivyo. Ikiwa saratani imetua kwenye thairoidi pekee, na miaka imepita mingi tangu ile ya kwanza, kuondoa upande wa tezi au tezi yote kunaweza kumpa mtu miaka ya kweli, ya kulima na kuona wajukuu.

Linganisha na kosa linalowezekana. Saratani ya figo iliyo shingoni, ikikua haraka na ikisomwa vibaya, inaweza kuitwa saratani ya thairoidi ya aina kali kuliko zote, ile ambayo uhai wa mgonjwa wake huhesabiwa kwa miezi. Mgonjwa wa namna hiyo hupewa dawa ya maumivu na pole. Kosa la upande wa pili ni la taratibu zaidi: saratani inaitwa ya thairoidi ya kawaida, tezi inaondolewa, na mgonjwa anapangiwa kumeza madini joto yenye mionzi ili yawinde mabaki. Tiba hiyo ni nzuri sana kwa saratani halisi ya thairoidi kwa sababu seli zake hunywa madini joto. Seli za figo au titi haziyanywi hata zikiwa zimelala katikati ya thairoidi. Mionzi inapita, ugonjwa unabaki, na pesa ya safari ya Dar es Salaam imekwenda.

Kwa saratani nyingine upasuaji una nafasi ndogo. Titi au pafu likifika kwenye thairoidi, kwa kawaida limekwisha kufika na pengine, na kuondoa tezi hakuondoi ugonjwa. Hapo tiba ni ya mwili mzima. Mwanamke ambaye kinundu chake kimeonyesha vipokezi vya homoni anaweza kuanzishwa tamoksifeni, kidonge cha miaka mingi, cha bei ndogo, kinachojulikana hadi hospitali za mikoa. Ni jambo la kustaajabisha: rangi sahihi katika maabara inamhamisha mgonjwa kutoka kwenye kisu hadi kwenye kidonge. Mzee wa tezi dume naye ana tiba yake ya homoni. Kwa figo iliyosambaa sehemu nyingi zipo dawa kama sunitinibu, iliyoanza kutumika mwaka 2006, na dawa mpya zaidi za kuamsha kinga ya mwili. Bei zake zinamfanya mtu asome risiti mara mbili. Sunitinibu, kwa kejeli ya maumbile, mara nyingi huidhoofisha thairoidi yenyewe.

Kuna hali moja ambayo haisubiri rangi wala fomu. Uvimbe ukibana bomba la hewa, kwanza mtu apumue. Tundu la shingo, mionzi ya kupunguza uvimbe au upasuaji wa kupunguza tu, vyote vina heshima yake hata kama haviponyi.

Na upasuaji wenyewe una deni. Aliyetolewa thairoidi yote atameza levothairoksini kila asubuhi kabla ya kula, maisha yake yote. Tezi ndogo za kalsiamu zilizo nyuma yake zinaweza kujeruhiwa, mgonjwa akakakamaa vidole; mshipa wa fahamu wa sauti unaweza kuguswa, na kwa mchungaji au mwimbaji wa kwaya hilo si jambo dogo. Saratani ya figo ina tabia pia ya kutambaa ndani ya mishipa mikubwa ya shingo, kwa hiyo picha za kutosha kabla ya kisu si anasa. Mgonjwa anayerudi Kondoa au Itigi lazima ahakikishiwe kwamba vidonge vyake vitapatikana huko aendako. Tezi haioti tena duka la dawa linapoishiwa.

Dodoma ya leo si ile ya kupiga simu Muhimbili kwa kila jambo. Ipo hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo wenyeji bado wanaiita Jenerali. Ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyozinduliwa 2015 kwenye viunga vya Chuo Kikuu cha Dodoma, na ambayo mwaka 2018 ilianza kupandikiza figo. Mji unaoweza kumwekea mtu figo jipya unaweza pia kumuuliza mtu la zamani lilikwenda wapi. Kwa tibamionzi, wagonjwa wengi wa kanda hii wamekuwa wakielekea Ocean Road, Dar es Salaam, jengo la Wajerumani la miaka ya 1890 lililofanywa taasisi ya saratani mwaka 1996 na kufungiwa mashine ya kisasa ya mionzi mwaka 2018. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inamfikisha mgonjwa Dar es Salaam kwa saa zisizozidi nne hivi, safari ambayo kwa basi ilikula siku. Ila mionzi hutolewa kwa wiki kadhaa, na treni haina sehemu ya kulala kwa wiki kadhaa. Wodi halisi ya wagonjwa wa bara bado ni sebule ya ndugu, Mbagala au Gongo la Mboto.

Ningeulizwa shilingi inayofuata ya saratani katika kanda ya kati iende wapi, nisingeipeleka kwenye mashine. Ningeipeleka patholojia: kwenye formalini ya kutosha, kwenye rangi za imunohistokemia, kwenye mishahara ya watu wanaokaa na hadubini, na kwenye kabati la kutunzia vipande vya nta kwa miaka ishirini na zaidi, lenye daftari la namba na mtu anayelijua. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapimwa na mambo kama haya. Kulipia upasuaji bila kulipia jibu la kinyama ni kulipia nusu ya upasuaji.

Na msomaji, hili lako halihitaji bajeti. Ikiwa wewe, mama yako au baba yako mlishawahi kutolewa figo, titi, kipande cha utumbo au baka la ngozi, rudini pale mlipopasuliwa mkaombe nakala ya majibu ya patholojia pamoja na namba ya kipande. Ipigeni picha kwa simu, mwachieni mtoto mwingine nakala. Siku shingo itakapovimba, hata kama imepita miaka ishirini na hata kama mtaa mzima unasema ni goita, mwonyesheni daktari picha hiyo kabla hajachoma sindano. Asipouliza, mwambieni.